Vilio Chini ya Majani Chai

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu Chepkoech, ni Jumatatu moja ya ukungu kule Boito, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili na ukaidi wa kuwatosha wasichana watatu.

Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza wiki tano tu nyuma. Nilikuwa kibarua wa kuchuma majani chai katika shamba moja kubwa, na kibarua hakuwa na likizo ya uzazi. Usipofika, jina lako linafutwa na mistari yako anapewa mwingine. Nyapara alishasema wazi kwamba hataki kuona mtoto shambani. Nami sikuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Mama yangu alikuwa mbali, na baba yenu alikuwa safarini kutafuta kazi, akaitafuta muda mrefu mno, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Basi nikafanya ujanja. Unajua mchai uliochumwa miaka mingi unavyotanda juu kama meza, na chini yake pana uwazi wenye giza. Nikamnyonyesha mtoto akashiba, nikamfunga leso mbili, nikamlaza humo ndani juu ya gunia kabla nyapara hajafika. Nikafunga utepe mwekundu kwenye tawi ili nipajue mahali. Nikajiona mjanja kuliko wanawake wote wa shamba lile.

Nikachuma nikienda mbele, kikapu mgongoni, masikio yamebaki nyuma. Kila nikimaliza mstari narudi kama mtu aliyesahau kitu, nachungulia. Mara ya tatu ukungu ukashuka. Wewe umezaliwa huku, unaujua: mtu aliye hatua tano mbele yako anabaki sauti tu. Nikatafuta utepe, sikuuona. Ama ulikuwa umefunguka, ama mimi sikuwa nilipodhani nipo.

Ndipo nikasikia mtoto analia, upande wangu wa kulia, karibu. Nikakimbia, majani yakanilowesha hadi kifuani. Kilio kikanyamaza. Kikaanza tena, sasa nyuma yangu, kuelekea mtoni. Tulipokuwa wadogo tulitishwa na Chemosit, zimwi la mguu mmoja linaloimba ili watoto walifuate wapotee. Nilikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, lakini nakuambia bila aibu kwamba asubuhi ile nilimwamini Chemosit kuliko mchungaji. Maana kilio kilikuwa pande mbili kwa wakati mmoja, na pande zote mbili niliisikia sauti ya mwanangu.

Nikachagua upande mmoja. Nikapiga magoti, nikaingiza mikono chini ya mchai, nikashika leso, nikavuta. Nikamtia mtoto kwenye titi hata kabla sijamtazama, akanyonya kwa pupa, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akaniuma. Mtoto wa wiki tano hana meno, mwanangu. Nikafungua leso, nikakuta msichana nisiyemjua, ananikodolea macho huku bado ananyonya.

Nikapiga kelele. Kelele ile ikawaamsha, na shamba zima likaanza kulia. Mmoja kule juu, mwingine kando ya mfereji, mwingine karibu na miguu yangu, watoto nisiowaona, wakilia kutoka chini kana kwamba wamepandwa ardhini. Hadi leo nikipita kando ya shamba asubuhi yenye ukungu, natembea upesi na sigeuki.

Wanawake wakaanza kutokea ukunguni, mmoja mmoja, vikapu mgongoni, kila mmoja akikimbilia mchai wake. Aliyekuja kwangu alikuwa Rael, jirani yangu wa mstari. Wiki nzima tulikuwa tumekula githeri pamoja, wala hakunitajia mtoto, wala mimi sikumtajia wangu.

"Huyo ni wangu! Umemtoa wapi?" akaniuliza.

"Na wangu ako wapi, Rael? Wangu ako wapi?"

Wangu ndiye peke yake aliyekuwa halii. Aliyempata ni Kogo Tapsabei, mchumaji mzee kuliko sote, na kogo kwetu ni nyanya. Alipita mstari kwa mstari akiinama chini ya kila mchai. Maji ya mfereji yalikuwa yamelifikia gunia, na leso zimelowa, na midomo ya mtoto imegeuka rangi. Kogo akamvua zile leso, akamtia ndani ya nguo zake, ngozi kwa ngozi, akakaa pale matopeni akimsugua mgongo. Sisi tukasimama kumzunguka. Nilijua nimemuua mwanangu kwa ujanja wangu. Kisha tukasikia sauti ndogo, ya kukwaruza. Nililia kuliko yeye.

Kogo hakunibembeleza. Alitutazama sote. "Nyinyi wote muko na watoto hapa chini, na kila mtu amenyamaza," akasema. "Mimi ningejua namna gani nitafute? Mtoto akijulikana na mtu moja tu, huyo hana mtu."

Kesho yake tulifika kwa nyapara na watoto migongoni, mchana peupe, Kogo akiwa mbele. Nyapara alitafuta wa kumfukuza, akaona akifukuza mstari mzima majani yatakomaa bila mchumaji. Mwezi haukuisha kabla hatujapewa banda kuukuu la vikapu. Kogo akakaa humo na watoto, nasi kila mmoja akimchangia majani kwenye kikapu chake hadi kijae. Mtoto yule ndiye kaka yako mkubwa, yule anayejifanya hajawahi kuumwa maisha yake yote.

Nakuambia haya kwa sababu wiki jana uliniambia kwamba pale ofisini Bomet hawajui una mtoto. Unakamua maziwa chooni na kuyamwaga, na akiwa na homa unasema wewe ndiye mgonjwa. Nilicheka ulipokuwa ukinisimulia, lakini usiku sikulala. Siku hizi sheria inasema mama apewe likizo, na mahali pa kunyonyeshea, lakini sheria haimtafuti aliyejificha. Wazee walisema mficha uchi hazai; mimi naongeza kwamba akizaa, hatalea. Hofu yako naijua, si ya kuchezewa. Kwa hiyo usiende kwa mkubwa wako peke yako. Anza na mwanamke anayekaa meza ya pili kutoka yako, mwambie jina la mtoto wako, halafu umsubiri. Nina hakika naye ana lake analolinyamazia.

Enda na baraka zangu, mwanangu. Maziwa yako yasikaushwe na woga, jina la mwanao litajwe mbele za watu, na siku akilia, waamke wengi.