Tathmini Niliyoifanya Dirishani kwa Bi Rukia

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vilivyonibana, nikatembea navyo kutoka mtaani kwetu Buxton hadi hospitalini nikimsalimia kila niliyekutana naye, nimjue nisimjue. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Binti wa Kigiriama kutoka Kaloleni, mwenye stashahada ya ustawi wa jamii na meza yake mwenyewe katika kitengo cha afya ya akili, halikuwa jambo dogo, na mimi sikulifanya dogo. Meza yenyewe ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Niliuwekea kipande cha kadibodi, nikakaa nikiwa nimenyoosha mgongo kama hakimu.

Mkubwa wangu alikuwa Afisa Mwandamizi wa Ustawi, mama wa Kitaita aliyezungumza polepole na ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Asubuhi ile alinipa faili la mgonjwa akaniambia nilisome, kisha nimweleze mtu huyo ana nini. Nililisoma kwa bidii. Nikamweleza kwamba mgonjwa haogi, anasikia sauti, amegombana na nduguze na hawezi kazi.

"Umenitajia vilivyovunjika," alisema. "Sasa nitajie vilivyo vizima."

Sikuwa na hata kimoja. Alinirudishia faili bila kunikaripia, na hilo liliniuma kuliko viatu.

Vijana mnaosomea kazi hii sasa mna vitabu na kompyuta, lakini mzizi ni ule ule tuliofundishwa sisi, yaani kuitazama nafsi. Niueleze kwa ufupi. Mtu ana matamanio yanayomsukuma, ana dhamiri inayomkemea, na nje yake kuna dunia isiyomngoja. Nafsi husimama katikati ya hayo matatu ikiyapatanisha kutwa kucha. Kufanya tathmini ni kuuliza nafsi hiyo inaimudu vipi kazi yake. Inatofautisha kilichopo na kisichokuwapo? Inaweza kuuzuia mkono usimpige mtu? Inaelewana na watu? Na ikizidiwa, inajikinga vipi? Kinga hizo zina majina yake. Mwenye kukataa kuukubali msiba ulio mbele yake, tunasema anakanusha. Aliyeudhiwa na bosi akaenda kumfokea mkewe, amehamisha hasira. Anayetenda jambo leo ili alifute la jana, anatengua. Kujikinga si wazimu, sote tunajikinga. Swali ni kama kinga inakusaidia kuishi au inakuzuia.

Juu yetu sote alikuwako Daktari Mkuu wa kitengo, mtu wa bara, hodari kwelikweli, mwenye wagonjwa wengi kuliko saa za kuwatazama. Alipoamua kwamba mtu amepoteza kabisa kutambua uhalisia, mtu huyo alipelekwa kwenye hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili huko bara. Niliwahi kuwasindikiza hadi kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari jamaa wa mgonjwa mmoja waliokuwa wakimfuata kwa basi. Mama yake alipanda amebeba mto wa mwanawe kifuani. Nilirudi ofisini nikijua saini zetu zina uzito gani.

Kesi niliyopewa kwanza niishike peke yangu ilikuwa ya Mzee Mbwana, muuza kahawa wa Mji wa Kale. Alikuwa mjane, anaishi na binti yake mmoja. Kwa miaka mingi alizunguka alasiri na dele lake la shaba, birika lenye makaa chini, akigonganisha vikombe ili watu wajue kahawa imefika. Kisha ndugu yake Kombo akafa, na Mzee akabadilika. Aliacha kugonga vikombe. Kila alasiri, kabla ya kumhudumia mtu yeyote, alimimina kikombe kimoja akakiweka kwenye pembe ya baraza alipozoea kukaa Kombo. Watu walinong'ona. Siku moja Bwana Twaha, mwenye duka la vitambaa jirani, alikichukua kikombe kile, akakinywa na kucheka: "Maiti hanywi kahawa!" Mzee Mbwana akammwagia mkononi kahawa ya moto iliyokuwa ndani ya dele.

Twaha aliungua vibaya. Shauri likafika mahakamani, na hakimu akataka ripoti kutoka kwetu: je, mzee huyu ana akili timamu, au apelekwe bara? Kwa wakati huo aliachwa arudi nyumbani kwa dhamana ya shemeji yake.

Daktari Mkuu alimhoji mbele yangu.

"Kikombe kile ni cha nani?"

"Cha ndugu yangu."

"Ndugu yako si amekufa?"

Mzee aliinamisha kichwa. Daktari alirudia swali, akalibadilisha, akalirudia tena. Mzee alikuwa kimya kabisa. Alipotoka, Daktari aliniambia, "Naona yumo katika dunia yake. Lakini fanya tathmini yako kamili, kisha uniletee. Nitasaini baada ya kukusikiliza."

Nilipokuwa naye peke yangu, Mzee alinieleza habari za Kombo lakini si za kikombe. Kombo alimposea mwanawe binti wa Mzee, binti akakataa, na Mzee akasimama upande wa binti. Ndugu wakanuniana. Kombo alipougua alimtumia salamu kwamba anataka kumuona. Mzee alikawia, akisema kesho, kesho. Siku aliyokwenda alikutana na watu wakirudi kutoka makaburini.

"Sikumwambia nisamehe," alisema. "Siyui nitamwambia wapi sasa, mwanangu."

Kutengua nilikuona waziwazi: kikombe cha leo kilikuwa kinafuta kukawia kwa jana. Lakini je, alijua kwamba ndugu yake hayupo? Hapo ndipo kesi nzima iliposimama, na maneno yasingenisaidia kwa mtu asiyetaka kusema. Niliamua kumtazama akiwa kazini. Shida ni kwamba baraza ni mahali pa wanaume, na mimi mwanamke mgeni nikikaa pale kila mtu atakaa kwa adabu za bandia. Bi Rukia, mama mtu mzima wa nyumba inayotazamana na baraza, ndiye aliyeniokoa. Nilimuomba Mzee ruhusa kwanza, maana kumpeleleza mtu si kazi yetu. Alisema, "Nitazame. Kahawa yangu haina aibu."

Niliingia kwa Bi Rukia baada ya hodi na karibu na starehe na kuulizana hali za watu wote wa Kaloleni, ambao yeye hakuwajua hata mmoja.

"Ndoo ukae hapa dirishani," aliniambia akiniashiria nije, huku akifungua kidogo vibao vya dirisha. "Waume wafikiri baraza ni lao. Wao wakaa tu, wenyewe ni sisi."

Mzee akafika, dele mkono mmoja, vikombe mkono wa pili, bila mlio. Akamimina cha Kombo, akakiweka pembeni. Kisha akaanza kuhudumia. Nilitazama kama nilivyofundishwa. Hakumsahau mtu. Mwenye vidonda vya tumbo alimpa nusu kikombe bila kuombwa. Makaa yalipozidi aliyapunguza, na mtu alipotaka kupita aliliondoa dele njiani. Ndipo bwana mmoja mcheshi akapaza sauti, "Mbwana, leo twaomba utumiminie vikombeni, si mikononi!" Wote wakaangua kicheko. Mkono wa Mzee ulisimama hewani. Akavuta pumzi, akatikisa kichwa, akaendelea kumimina.

Adhana ya Magharibi ikalia, wanaume wakanyanyuka kwenda kuswali. Mzee alibaki nyuma kidogo. Alikichukua kikombe cha Kombo, akakitazama ndani, akaimwaga kahawa iliyopoa, akakisuuza, akamimina nyingine ya moto. Akasimama akingoja. Alipita mchukuzi mmoja akisukuma mkokoteni, jasho likimtoka.

"Karibu kahawa, ndugu yangu," Mzee alimwambia.

Mchukuzi alikunywa, akatia mkono mfukoni. Mzee akamzuia. Yule alipoondoka, Mzee aliinua mikono akaomba dua, midomo ikitikisika, kisha akachukua vyombo vyake akawafuata wenzake.

"Kila siku hivyo," Bi Rukia alisema taratibu. "Amtolea sadaka nduye. Sijamwambia mtu."

Nilitaka kumkumbatia bibi wa watu. Jibu nilikuwa nimeliona kwa macho yangu. Mtu anayedhani marehemu yumo barazani haimwagi kahawa iliyopoa na kumimina ya moto kwa ajili ya mchukuzi aliye hai. Na kimya chake mbele ya Daktari hakikuwa ugonjwa. Sadaka ya namna ile hufichwa, na mwenye kuitangaza huona ameiharibu.

Lakini ili nimwokoe ilibidi niseme, na siri haikuwa yangu. Kesho yake nilimuita ofisini nikamwambia nilichokiona. Alikasirika kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Yale ni yangu na Mola wangu. Ukiyasema yatakuwa yako na watu."

"Mzee, nisiposema utapelekwa bara. Binti yako atabaki na nani?"

Alizungusha tasbihi yake punje kwa punje.

"Mwambie daktari peke yake," alisema mwishowe. "Kwa mdomo. Mahakamani wasome kwamba nina akili, basi. Nikishakufa, sema utakavyo."

Nilikwenda kwa Daktari Mkuu nikiwa nimevaa vile vile viatu, ambavyo kufikia hapo vilikuwa vimenizoea. Nilimweleza nikiwa nimesimama.

"Kwa hiyo hajambo?" aliuliza.

"Ni mgonjwa, Daktari. Usingizi umempotea, chakula kimemshinda, na dhamiri yake inamchapa kutwa. Lakini anajua ndugu yake amekufa. Hiyo ndiyo inayomuumiza."

"Na mkono wa yule bwana?"

"Pale nafsi ilizidiwa. Hasira aliyokuwa nayo juu yake mwenyewe aliihamishia kwa Twaha. Juzi walimdhihaki tena, nikamuona akijizuia."

"Mara moja. Nikimwacha, akamuunguza mwingine?"

"Basi nitakuwa nimekosea, na jina langu litakuwa chini ya ripoti pamoja na lako."

Alizungusha kalamu. Alikuwa na haki ya kuuliza, na namheshimu mpaka leo kwa kuuliza, maana aliyeungua alikuwa mtu na si mfano wa kitabuni. Kisha akaonyesha kiti.

"Keti, Jumwa," alisema. Hakuwahi kuniita kwa jina kabla ya siku hiyo. "Tuongeze dawa ya usingizi, na mazungumzo nawe kila wiki. Andika hivyo hivyo ulivyosema, bila mapambo. Na lile la sadaka mimi sikulisikia."

Hakimu alikubali. Mzee Mbwana hakupelekwa popote. Wiki baada ya wiki alikuja kwangu, na polepole niliona kwamba maneno aliyokuwa akiyatafuta hayakuwa na budi kupata mtu wa kuambiwa. Nikamuuliza kama angependa Twaha aje. Alifikiri hadi ziara iliyofuata, kisha akakubali. Twaha alikuja na bandeji mkononi na uso uliokunjwa. Mzee alisimama.

"Nimekukosea, Twaha. Nisamehe."

Alipoyatoa maneno hayo alilia kwa sauti, hadi muuguzi akachungulia mlangoni. Twaha alitazama huku na huku, kwa kuwa kilio kile kilikuwa kikubwa kuliko kosa. Ndipo Mzee, kwa hiari yake, akamweleza habari za Kombo na za kikombe. Twaha aliinamisha kichwa kwa aibu, akamshika mkono kwa ule mkono wake mzima.

"Nami nisamehe, Mzee. Yameisha."

Haikupita muda Bi Rukia akaniletea habari kwa furaha kwamba vikombe vimeanza kulia tena mtaani. Nilijifungia ofisini nikacheza peke yangu, na mguu mfupi wa meza ulikuwa shahidi.

Baadaye nilihamishiwa ng'ambo, Likoni, nikawa navuka feri asubuhi na jioni kwenda kushughulikia kesi za watoto. Nikarudi kisiwani, nikapanda cheo, na siku moja nikajikuta nimekaa kwenye kiti cha yule mama wa Kitaita, yeye ameshastaafu. Kila kijana aliyeletwa kwangu nilimpa faili, nikamsikiliza akinitajia vilivyovunjika, kisha nikamuuliza swali lile lile. Wengi walinichukia mwezi wa kwanza. Leo baadhi yao ni wakubwa kuliko nilivyowahi kuwa, na wakikosea huwa nawapigia simu. Nina majivuno ya kazi yangu na sioni haya kuyasema.

Mzee Mbwana alifariki kwa uzee, nyumbani kwake, binti na wajukuu wakiwa kando yake. Ndiyo sababu nayaandika haya.

Siku yangu ya mwisho ofisini walinipa saa ya ukutani, sijui walidhani nina haraka ya kwenda wapi. Wiki iliyofuata nilikwenda Mji wa Kale kumjulia hali Bi Rukia, ambaye sasa uzee umemlaza. Nilipotoka kwake adhana ya Magharibi ilikuwa imekwisha na wanaume walikuwa wakitokomea kwenye kona ya mtaa kuelekea msikitini. Barazani walibaki wawili tu, muuza kahawa kijana nisiyemjua na Bwana Twaha, mwenye mvi. Hakunitambua, nimenenepa, na miaka imepita. Alikiinua kikombe kilichokuwa kwenye pembe ile ile ya baraza, akaimwaga kahawa iliyopoa, akakisuuza, akamnyooshea kijana akimiminie ya moto. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa napita.

"Dada, karibu kahawa."

Nilikunywa nimesimama pale pale njiani. Nilipotia mkono mkobani alinizuia kwa mkono wake wenye kovu. Nikamrudishia kikombe, nikasogea hatua chache, nikageuka. Alikuwa ameinua mikono.