Kadi ya Kitabu cha Baba

Mdogo wangu kafanya kazi nyumba ya nyaraka miaka thelathini na moja. Walimwita Bwana Kurasa, naye akavimba kichwa kama kapewa ufalme. Kazi yenyewe ni hii: analetewa kitabu cha zamani kilichoandikwa kwa mkono, anahesabu karatasi, anapima kwa rula, anatazama wino na matundu ya wadudu, kisha anajaza kadi. Mtu akija kutafuta anaanzia kwenye kadi. Kadi isiposema, basi hakuna.

Siku moja kikaja kitabu cha baba yetu. Aliandika habari za ukoo mezani petu, mimi nikimkorogea wino. Alikuwa wa mkono wa kushoto, kiganja kikaburuta wino, kila mstari na mkia wake kama moshi. Jina hakuweka, baba hakuwa mtu wa kujitangaza.

Bwana Kurasa alikijua mara tu alipokifungua. Akajaza: mwandishi hajulikani. Na chini yake: wino umepakazwa, yaelekea ni uzembe. Eti sheria yao, unaandika unachokiona, si unachokijua.

Mama miguu ilikuwa imekwisha. Nikamshika mkono tukapanda zile ngazi, akamwomba mwanawe aandike jina la mumewe kabla yeye hajafa. Akaambiwa alete ushahidi.

Mama akamtazama. "Ushahidi si wewe, mwanangu?"

Yule bwana akamletea maji ya kunywa. Maji! Mwezi haukuisha, tukamzika.

Alipostaafu ndipo dhamiri ikamfikia, mgeni aliyekuja vyombo vimeshaoshwa. Akarudi kurekebisha kadi. Binti aliyekalia kiti chake, aliyemfundisha mwenyewe, akamtolea kitabu: paa lilivuja, karatasi zimegandana kama tofali, wino umekwenda na maji.

"Mzee, mimi naandika ninachokiona," akamwambia, kwa adabu zote.

Ila sheria zimelegea kidogo. Siku hizi akija mtu mwingine, si yule aliyejaza kadi, naye alimwona mwandishi akiandika, maneno yake yanapokelewa. Nimebaki mimi tu.

Kila asubuhi anakuja kukaa mlangoni kwangu, rula mfukoni. "Dada, twende."

Namwambia alete ushahidi.

Najua ninachofanya. Kifua kinanibana, na nikifa baba hajulikani mpaka kiama. Lakini kila nikitaka kuinuka namwona mama akishuka zile ngazi, moja moja, na yale maji hakuyagusa.