Sisimizi wa mulangoni

Matanga ya muke wangu ilipoisha, watu walirudi kwao, nyumba yangu ya Kadutu ikanyamaza. Kwenye misheni niliazima kitabu cha Muzungu wa zamani aliyechunguza wadudu. Alifundisha kwamba mwenye huzuni atazame kitu kidogo kilicho karibu naye mpaka akijue.

Basi, kila asubuhi nilichutama mulangoni nikitazama sisimizi. Majirani wakasema mimi ni mulozi, ninafukia dawa, wakaacha kupita kwangu. Wajinga!

Siku moja niliwafuata sisimizi wale mpaka jikoni, ambamo sikuwa nimeingia tangu muke wangu afe. Walikuwa wanabeba unga wake. Nikawasha moto. Nilipima unga kwa bakuli lake, ikatoka bugali ya watu wawili.

Kitabu hakikusema sehemu ya pili ya bugali nimupe nani. Kadutu nzima, nani angekula bugali ya mulozi?