Daftari Lililokaa Ikuti

Asubuhi za Ikuti ukungu hauji, unakuwapo tayari. Unaamka unaukuta umeshakaa kwenye migomba, umeshaingia jikoni kwa mwanya wa juu ya mlango, na mlima Rungwe, ambao jana ulikuwa pale pale, haupo. Katika ukungu wa namna hiyo, kwa wiki tatu, nilibeba maneno kutoka jikoni kwenda barazani, na kutoka barazani kurudi jikoni.

Jikoni alikuwa wifi yangu, mke wa kaka. Barazani alikuwa baba. Kati yao kulikuwa na kamba ya nguo na desturi. Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake, haongei naye, hapiti njia anayopita. Wakikaribia kukutana, mwanamke huchepuka migombani na mzee hukohoa ili kumpa nafasi. Siku hizi wengi wameiacha, hasa wa mjini Tukuyu. Baba, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, hakuiacha, wala wifi hakutaka aiache kwa ajili yake. Yeye alizaliwa ng'ambo ya mto Songwe, nchi jirani, upande wa Karonga, ambako lugha yao na Kinyakyusa chetu ni watoto wa tumbo moja, na heshima hiyo alikuja nayo kama mtu anavyokuja na khanga zake.

Wifi alikuwa amemaliza shahada ya uzamivu, na chuo kimoja cha mbali kilimpa ufadhili wa miaka miwili aendelee na utafiti. Watu wameshaandika juu ya ng'ombe, mchele na vita vilivyovuka mto ule. Yeye alitaka kujua mawazo yalivuka vipi. Na alikuwa ameokota jambo. Zamani, baba hajaoa, walimu vijana wa pande zote mbili walikuwa na daftari moja. Wa huku aliandika hoja yake, akawapa wafanyabiashara wa mchele walivushe. Wa kule alisoma, akajibu, akalirudisha. Kwao wifi alipata wazee wawili waliolikumbuka. Kwetu alibaki mmoja tu aliyewahi kulishika, naye alikuwa barazani, amejifunika blanketi, akikohoa.

"Ufadhili unaisha mwezi ujao," aliniambia akimenya ndizi za mbalaga. "Bila baba nina nusu ya mazungumzo, wifi. Kama kumsikiliza mtu anaongea na simu."

Na baba naye alikuwa akitutoka kidogo kidogo. Kulikuwa na asubuhi aliponiamkia kama dada yake aliyekufa, akaniuliza kama nimeshateka maji. Nilimjibu nimeteka.

Basi nikawa mjumbe. Wifi aliniandikia maswali, akanipa kinasa sauti kidogo kama kiberiti, nami nikaenda kukaa kwenye kigoda miguuni pa baba. Nikirudi jikoni nilimsimulia wifi, naye akaandika, akisubiri jioni asikilize sauti yenyewe.

Lazima niseme ukweli wangu hapa. Mimi ni mtunzi wa riwaya. Marafiki zangu wa Dar es Salaam, tunaokutana kusomeana kazi zetu, wananipenda kwa sentensi zangu ndefu. Na baba alikuwa akinijibu kwa sentensi fupi mno. Nilimuuliza daftari lilikuwaje, akasema lilikuwa la bluu. Nilimuuliza walibishana nini, akaniambia mambo ya walimu nitayajulia wapi, mimi niliyekimbia hesabu darasa la tano. Nikirudi jikoni mikono mitupu, niliona uso wa wifi ukishuka, na nilishindwa kuustahimili. Siku moja nikamwambia baba amesema daftari lilitembea kama ukungu, halina mwenyewe, linaingia kila nyumba na kutoka bila kubisha hodi.

Wifi aliacha kuandika.

"Hilo la ukungu kasema baba," aliuliza, "au umesema wewe?"

Nilimwambia kasema baba, kwa njia yake.

Jioni ile alikaa kwenye kuni na spika zake masikioni, mvua ikigonga bati. Alisikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kisha akanivika zile spika. Nikasikia sauti yangu ikiuliza daftari lilikwenda wapi. Nikasikia baba akikohoa. Halafu, kwa Kinyakyusa chake cha taratibu, maneno mawili tu: lilikuja, likakaa.

"Likakaa, wifi," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mimi nimelitafuta nchi mbili, baba anakwambia likakaa, wewe unaniletea ukungu. Niletee maneno yake. Ya kwako yaweke kwenye riwaya zako."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimfuata baba barazani kabla hajamaliza chai, nikakiri kwake kila kitu: kwamba nimekuwa nikipamba maneno yake, na kwamba mkwe wake amelisikia lile neno lake kwenye kinasa sauti na anauliza daftari lilikaa wapi. Alichukua fimbo yake akaelekea bandani, kama afanyavyo kila siku kumtazama ng'ombe wetu wa maziwa. Nikamfuata.

Wifi alikuwa nyuma ya banda akikatakata mgomba wa kumlisha. Alisikia kikohozi. Panga likanyamaza. Alikuwa ajiondokee migombani, kama siku zote, lakini baba hakusogea tena. Alisimama upande wake wa ukuta wa mbao, akaweka mkono juu ya pembe ya ng'ombe.

"Wewe ng'ombe," alisema, "nataka kukuambia wewe, kwa sababu wewe hupambi. Huyu mwanangu anapamba."

Kati ya mbao niliona kitambaa cha wifi kimetulia. Nikaweka kinasa sauti ukingoni mwa hori, karibu na pua ya ng'ombe.

Baba alizungumza mpaka ukungu ukaanza kupanda. Alimwambia ng'ombe kwamba swali lao la mwisho lilikuwa hili: je, asiyejua kusoma anaweza kuitwa mwenye elimu? Yeye, kijana mwenye cheti kipya na viatu vya kwanza, aliandika kurasa nne kwamba hawezi. Daftari likavuka mto. Lilikaa kule majuma mengi, likarudi likiwa na mstari mmoja tu kutoka kwa mwenzake: Nani alikufundisha kuongea?

"Nilikosa la kujibu," alimwambia ng'ombe. "Mama yangu alikuwa palepale, anapura maharage. Niliona haya. Nikalificha. Wenzangu wakadhani limepotea njiani, nami nikawaacha wadhani."

Lilikuwa ndani ya sanduku la mabati chini ya kitanda chake, chini ya suti ya harusi. Nilitumwa nikalilete. Bluu yake ilikuwa imekwisha, na pembe zilikuwa zimeliwa na mende, lakini kurasa zilisomeka. Nilimpa baba, naye akalipitisha kwenye upenyo kati ya mbao mbili, pale tunapopitishia ndoo ya maziwa. Mkono wa upande wa pili ukalipokea.

Nilisikia kurasa zikifunuliwa. Ng'ombe alikuwa amemaliza mgomba wake na alikuwa akilamba ukingo wa hori.

"Ng'ombe," ilisema sauti ya wifi, chini sana, na ilikuwa mara ya kwanza katika miaka sita ya ndoa yake baba kuisikia ikimwelekea, "hapa chini ya mstari huu pana nafasi. Yule aliyeuandika bado yu hai, ni mmoja wa wale wazee wawili niliowahoji, anauza mbegu sokoni kwetu. Nitavuka wiki ijayo. Nimpelekee nini?"

Baba alimkuna ng'ombe katikati ya pembe. Niliona midomo yake ikijaribu neno, ikaliacha, ikajaribu tena. Niliyajua maneno mazuri mengi ambayo ningeweza kumwazima. Nilifunga mdomo.

"Mwambie aandike," baba alimwambia ng'ombe. "Mama. Basi. Aandike Mama, na aseme nimechelewa."

Nyuma ya mbao kalamu ilitembea kidogo, ikasimama.