Nafasi ya Abiria Kwenye Pikipiki la Mbio

Nilimdharau yule tajiri tangu siku pikipiki lake liliposhushwa kwenye lori la sabuni hapa Kasulu. Pikipiki la mbio, jekundu, cc elfu moja, na mwenyewe ni muuza vipuri ambaye hata baiskeli sikuwahi kumwona nayo. Alilifuta vumbi asubuhi na jioni mbele ya duka, kisha akalipanda likiwa limezimwa ili ndugu zake wa Tanga watumiwe picha. Kitambi kilikaa juu ya tangi kama mkungu wa ndizi. Nikipita na abiria wangu nilikuwa natema mate pembeni.

Aliposema anatafuta mtu wa kuliendesha kwenye mbio za Dar, nilijua ni mimi. Nani mwingine? Nilikuwa na miaka kumi na minne kwenye bodaboda. Nimepeleka wajawazito hospitali ya Kabanga kwenye tope la masika, nimepakia mshikaki wa watu watatu, nimeteremka milima na magunia ya maharage yaliyonizidi urefu. Kijiweni niliaga kabisa. Niliwaambia wenzangu wabaki na tope lao.

Tajiri aliweka sharti moja tu. Kuna fundi Kibondo, mtoto wa wakimbizi wa Burundi, ambaye alifanya kazi miaka kadhaa kwenye uwanja wa mbio Afrika Kusini. Yeye ndiye angenipima. Nikizunguka bila kutoka nje ya lami, naenda Dar, nikishindwa, basi. Tulilipakia pikipiki kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mimi nimelikumbatia huko nyuma, mpaka kwenye kambi ya zamani ya mkandarasi wa barabara, aliyeacha duara la lami lenye kona nne.

Fundi alikuwa mwembamba, mpole, kandambili miguuni. Nikamdharau naye.

Kona ya kwanza nilitoka nje, nikaishia kwenye nyasi. Nikarudia, nikatoka tena. Fundi akaja taratibu.

"Sha, rafiki yangu, huko nyuma umembeba nani?"

"Sijabeba mtu."

"Mbona umemwachia nafasi?"

Nikajitazama. Nilikuwa nimejibana kwenye tangi, mgongo wima, na nyuma yangu kiti kizima kitupu. Tena pikipiki likilala kulia, mimi mwili naupeleka kushoto, kama mtu anayezuia gunia lisianguke. Ndivyo tunavyoendesha wote huku, na ndiyo maana bado tuko hai.

"Sogea nyuma," akasema. "Kalio moja litoke nje, upande wa kona. Goti lifunguke. Mkono legeza, siyo kuukaba usukani. Macho yatazame unakoelekea, siyo hapo mbele ya tairi."

Nilimsikia vizuri. Kichwa kilikubali, mwili ukakataa. Kila nilipotoa kalio, kitu ndani yangu kilipiga kelele kwamba mzigo unamwagika. Mara ya sita nikasema tairi ni bovu. Fundi aliliinamia tu, akalibonyeza kwa kidole gumba, akaniangalia.

Hapo tajiri akavua kanzu yake. Chini alikuwa na jinzi.

"Hebu nami nijaribu, fundi. Nisije nikafa sijaliendesha."

Nilicheka kwa sauti. Nilitaka aanguke, nasema kweli. Nilishachagua hata maneno ya kuwasimulia wenzangu kijiweni.

Raundi ya kwanza alienda polepole kama anasukuma toroli. Ya pili akasogea nyuma. Ya tatu, kwenye ile kona iliyonishinda, akatoa kalio, akafungua goti, kitambi kikaning'inia upande wa ndani, shingo imeelekea kule anakokwenda, na pikipiki likalala, likazunguka, likasimama wima bila kuyumba. Hakuwahi kubeba mtu maishani mwake. Hakuwa na chochote cha kusahau. Aliambiwa, akafanya.

Fundi alimpigia makofi. Mimi nilishika helmeti yangu nikiangalia chini.

Wiki iliyofuata tajiri alifunga duka akaenda Dar mwenyewe. Nilirudi kijiweni asubuhi na mapema kabla wengine hawajafika. Walipoanza kuniuliza, niliwaambia tairi lilikuwa bovu. Kisha akaja mama mmoja na gunia la mihogo, anakwenda Kabanga. Hakuniambia nisogee. Nilikuwa nimekaa kwenye tangi tayari.