Binti Aliyefungwa Kizazi

Kazi yangu hapa Bariadi ni ustawi wa jamii, na kesi ninazozichukia kuliko zote ni za mke kurudishwa kwao. Ndugu wa mume huingia ofisini wameshakata shauri, wanataka tu serikali iwasindikize.

Asubuhi ile walikuja watatu kutoka upande wa Mwamapalala: kijana mfugaji, mkewe ambaye ni kiziwi, na mama mzazi wa huyo mke. Nilimwamkia mama, "Mwangaluka, mayu," akaitikia huku akiangalia sakafu. Kijana ndiye aliyeeleza. Mimba haishiki, na ndugu zake wanataka amrudishe mke. Yeye hataki. Wamezunguka kwa waganga hadi wamechoka, sasa anaomba niwasemeshe wazazi wake wampe muda.

Kila alichosema alimtafsiria mkewe kwa mikono, lugha waliyoitengeneza wenyewe jikoni na shambani. Alama ya mtoto ilikuwa mgongo ulioinama na mikono inayokaza mbeleko. Mke aliirudia alama hiyo mbio mbio, akinitazama mimi. Hapo sikuhitaji mkalimani, alikuwa anamtaka mtoto.

Nikauliza swali la kawaida: amewahi kuzaa? Mama akasema ndiyo, kabla ya ndoa. Alifanyiwa upasuaji, na mtoto hakuishi. Kisha akaniomba tutoke nje kidogo.

Nje, pembeni ya ukuta, alinieleza yote kwa Kisukuma, haraka haraka. Mimba ile ya kwanza ilikuwa ya kubakwa, binti alikuwa machungani. Siku ya upasuaji mama aliulizwa na madaktari, akakubali, akaweka dole gumba kwenye fomu. Wakamfunga binti kizazi palepale.

"Hawezi hata kumtaja aliyemfanyia, mwanangu. Ningemlinda vipi tena? Na nilijua haolewi, nani angemwoa?"

"Mwenyewe aliambiwa?"

"Angeambiwaje? Mimi mikono yake siijui."

Damu ilinichemka, nasema kweli. Nilitaka kumfokea mama mtu mzima pale nje. Nikamwonea na huruma pia, na huruma hiyo ikaniudhi zaidi. Akanisihi ninyamaze, nimwache binti aendelee kuamini amerogwa. Nikamwambia hapana, mwili ni wake, na mimi mambo ya kufukiafukia siyawezi.

Tukarudi ndani. Nilimweleza kijana kwanza, taratibu, maana bila yeye sikuwa na lugha ya kusema na mkewe.  Kijana akachuchumaa mbele ya mkewe, akafanya alama ya mbeleko, na hapo mikono ikamwishia. Hawakuwahi kuhitaji alama ya jambo kama lile. Akauchukua mkono wa mkewe, akauweka juu ya gauni pale penye kovu, akamwonyesha kwa vidole kukata, halafu kufunga fundo. Akarudia. Mke akamuuliza kwa nyusi tu, nani? Kijana akamnyooshea mama mkwe kidole.

Binti aligeuka polepole. Mama akaanza kujieleza kwa Kisukuma, kwa sauti kubwa, akilia, mwanangu hivi, mwanangu vile, nilikuwa nakuonea uchungu. Binti aliutazama ule mdomo kidogo, kisha akafumba macho. Mumewe akamgusa bega, lakini hakuyafungua.