Ng'ombe Aliyerudishwa

Nakumbuka siku moja mjomba wangu aliniuliza swali, nikakosa jibu. Tulikuwa tumesimama mlangoni mwa zizi lake, huku kwetu Iramba, miaka ya mwisho ya Mwingereza. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu kule Uganda, nimevaa viatu vya visigino katikati ya samadi. Akaniuliza, "Ungekuwa wewe ndiye daktari, ungekaa hapa?"

Mwanangu, wakati ule nilikuwa na jibu la kila kitu. Mchungaji nilimbishia, mwalimu wangu wa zamani nilimbishia, hata mama nilimuuliza ana uhakika gani kwamba ugali wa mtama unatia nguvu. Lakini hilo lilinishinda, maana jibu la kweli lilikuwa hapana, na sikutaka alisikie.

Nikueleze ilivyokuwa. Hospitali yetu ndogo ya serikali ilikuwa haikai na daktari. Anakuja, watu wanaanza kumzoea, msimu mmoja wa mvua unapita, amehamishwa au ameomba kuhama. Pale hospitalini palikuwa na nyumba nzuri yenye baraza pana, imetengwa kwa daktari Mzungu. Mzungu mwenyewe hakuja, nyumba ikakaa na kufuli mwaka hadi mwaka. Madaktari wetu weusi walilala kwenye vyumba viwili nyuma ya stoo ya dawa. Nilikuwa nikipita pale kila nikienda sokoni. Naona aibu kusema, lakini nyumba ile sikuwahi kuitilia shaka.

Daktari wa tatu alikuwa kijana wa Bukoba, mpole, mwenye mikono mirefu. Huyo ndiye aliyempasua dada yangu Raheli, akamtoa mtoto akiwa hai baada ya uchungu wa siku mbili. Akatuonya kwamba mimba nyingine ikija, Raheli asithubutu kuzalia nyumbani. Aje mapema, apasuliwe tena. Na likizo ile nilimkuta Raheli ana mimba ya miezi sita. Kwa hiyo nyumbani kwetu suala la daktari kukaa au kuondoka halikuwa siasa. Lilikuwa uhai wa Raheli.

Kwetu Wanyiramba mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Mjomba akakata shauri, akampelekea daktari ng'ombe mmoja wa maziwa. Hakumpa awe wake. Alimweka kwake, kama tunavyowekeana siku zote. Anayemtunza anakunywa maziwa, na wakizaliwa ndama wa kutosha, mmoja anakuwa wake, lakini mama yao anabaki wa mwenyewe. Ni undugu wa kutafutwa. Nilizaliwa katika desturi hiyo, nikanywa maziwa yake, kisha nikaenda chuoni nikaisahau.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mjomba aliniambia pale zizini. "Huyu jembe halimfai, nimempa ng'ombe. Mwenye ng'ombe wa mwenzake haondoki tu asubuhi kama kunguru."

"Na mgonjwa asiye na ng'ombe atatibiwa na nani, mjomba?"

"Na huyo huyo. Unadhani nimemnunua?"

"Sijasema. Ila mkono mtupu haulambwi."

Akacheka. "Hizo methali wamekufundisha huko, au ulikwenda nazo?" Ndipo akaniuliza lile swali, na mimi nikainama kama ninayefuta kiatu.

Mtu aliyekosa jibu hutafuta kosa la mwenzake. Kesho yake nikaenda hospitali, nikakaa kwenye benchi, macho mlangoni. Nikamwona mke wa mjomba akiitwa ndani mbele ya wanawake watatu waliomtangulia. Sikumwuliza mtu. Nilikuwa nimekwisha kupata nilichokifuata. Kumbe alikuwa na kidonda cha mguu, na wote wa kufungwa vidonda waliitwa kwanza kila asubuhi, mwenye ng'ombe na asiye naye. Hilo angeniambia mtu yeyote pale kwenye benchi.

Nikamwandikia Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kwamba daktari anapokea mifugo kwa wagonjwa. Sikutia jina. Nilijiona shujaa.

Wiki chache baadaye daktari akaja kwa mjomba, anamswaga ng'ombe mbele yake kwa fimbo, vibaya, kama mtu aliyejifunza ukubwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Mbona umemrudisha? Kakauka maziwa?"

"Maziwa anayo. Nimekatazwa kumtunza. Na nimepewa uhamisho."

"Nani kakukataza?"

"Kuna barua, mzee. Imeandikwa kwa Kiingereza kizuri sana."

Yeye hakunitazama. Mjomba ndiye aliyenitazama. Wenye Kiingereza kizuri kijijini kwetu tulikuwa wangapi?

Aliondoka kwa lori la mfanyabiashara wa ngozi. Mwingine hakuletwa. Siku za Raheli zilipofika tukampakia kwenye lori kwenda hospitali ya Singida, barabara imejaa matope. Raheli alipona. Mtoto hakupona.

Mjomba hakunipigia kelele. Baada ya matanga aliniita, akasema, "Ulimshuku aliyepokea ng'ombe. Ile nyumba yenye kufuli, ulianza kuishuku lini?" Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimejikwaa kalamu, ambayo haifutiki.

Mwanangu, sikuambii uache kushuku. Mimi mzee nashuku bado. Nikisikia leo kwamba daktari wa hospitali fulani kahama kwa sababu hana uzalendo, nataka kwanza kuona alikolala, na nani alimpigia hodi siku alipougua yeye. Anza na mwenye funguo, ndipo umfikie jirani. Na kabla hujaandika jina la mtu, uliza mtu mmoja tu aliyekaa kwenye benchi. Serikali na ijenge nyumba na ilipe haki, hiyo ni kazi yake, idai. Lakini daktari hakai kwa mshahara peke yake. Anakaa mahali ambapo ana kwao. Mpe jembe, au ng'ombe, au mwaliko wa chakula cha Jumapili, mbele za watu wote, pasiwe na la kuficha.

Mungu akupe macho makali na moyo usioharakisha. Uzae na uzalishwe salama, wewe na wa kwako, na mlango wa hospitali usiukute umefungwa.

Jambo moja nililijua nikiwa na mvi tayari. Aliyeniambia ni karani mstaafu wa hospitali ile, tukiwa msibani Kiomboi. Alisema daktari alipopewa uhamisho hakujitetea juu ya ng'ombe hata kwa mstari mmoja. Aliandika ombi moja tu, likakataliwa: aachiwe miezi miwili, hadi Raheli ajifungue.